Usimcheke Aliyeingia na "Zombie": Rock ya Ireland Haina Mlango wa VIP

Kuna kamchezo kanakojirudia kila mashabiki wa rock ya Ireland wanapokutana, iwe baa, iwe kwenye foleni ya kuingia shoo, iwe sebuleni kwa mtu. Anatokea mgeni mmoja, mara nyingi dogo wa miaka 20 na kitu, anasema kwa furaha zake kwamba naye anaukubali sana huo muziki. Anaulizwa, "Albamu gani hasa?" Anajibu, "Ile ya The Cranberries, yenye Zombie."

Basi. Kicheko. Mkongwe mmoja anatikisa kichwa. Mwingine anamtaka ataje nyimbo tano ambazo hazijawahi kupigwa redioni. Dogo anaishiwa maneno, anatoa simu mfukoni na kujifanya kuna meseji imeingia.

Sasa hebu tujiulize, nani kapata faida hapo? Dogo kaondoka na aibu. Mkongwe kabaki na ujuaji wake. Na zile albamu ambazo kila mtu pale anadai anazipenda kuliko mwenzake zimepoteza msikilizaji mmoja. Jambo ambalo wajuaji hawapendi kuambiwa ni kwamba albamu nyingi kubwa za rock kutoka Ireland zimefika zilipofika kwa sababu watu waliingia kwa mlango ambao wajuaji wa wakati ule waliudharau.

Hiyo Zombie yenyewe mnaijua?

Wanaoicheka Zombie wanaiona kama wimbo wa watalii, wimbo wa mtu aliyesikia rock ya Ireland kwenye gari la rafiki yake akaishia hapo. Haya, turudi nyuma kidogo.

Machi 1993 mabomu ya IRA yalilipuka Warrington, mji wa Uingereza, yakaua watoto wawili. Mmoja alikuwa na miaka 3, mwingine 12. Dolores O'Riordan, binti wa kaunti ya Limerick, alikuwa na miaka 21 tu. Akaandika wimbo kwa hasira na uchungu wa tukio lile. Ukatoka mwaka 1994, ndani ya albamu No Need to Argue. Gitaa zito, dramu nzito, na ile sauti inayovunjika makusudi kama mtu anayelia na kugomba kwa wakati mmoja.

Mwaka 2023, kwenye Kombe la Dunia la raga, Ireland waliwafunga Afrika Kusini 13-8 pale Stade de France. Mashabiki wa kijani wakauimba uwanja mzima. Kesho yake ugomvi ukaanza. Kuna waliosema wimbo unaangalia upande mmoja tu wa mgogoro wa Ireland Kaskazini, na kwamba hauwatendei haki watu waliokulia ndani ya yale mateso. Kuna waliojibu kwamba huo ni wimbo wa kuomboleza watoto, ukomo wake ni huo, na anayetaka kuufanya wa siasa za vyama anajitafutia tu.

Ukubaliane na hawa au na wale, jambo moja liko wazi. Wimbo wa mwaka 1994 bado unawafanya watu wazima wakose usingizi. Ndio huo huo dogo anaochekwa nao.

Halafu kuna hili la albamu yao ya kwanza, Everybody Else Is Doing It, So Why Can't We? Ilitoka Machi 1993, na kule Uingereza mwanzoni haikushtua mtu. Bendi ikaenda Marekani, MTV wakaanza kucheza Linger, Wamarekani wakaipenda, ndipo Waingereza wakageuza shingo. Albamu ilishika namba moja Uingereza katikati ya mwaka 1994, mwaka mmoja na zaidi baada ya kutoka. Kwa hiyo wengi wa wanaojiita mashabiki wa tangu enzi walidandia gari likiwa linatembea. Walikuwa "mashabiki wa juzi" wa wakati wao, ila hakukuwa na mtu mlangoni wa kuwadai nyimbo tano.

Dolores alifariki Januari 2018. Agosti mwaka huo huo Limerick wakatwaa ubingwa wa hurling wa Ireland nzima, wa kwanza kwao tangu 1973. Hurling ni mchezo wao wa jadi wa fimbo na mpira, na kwa watu wa kule si mchezo wa kutania. Filimbi ya mwisho ilipopigwa, uwanja wa Croke Park ukawekewa Dreams, wimbo wa The Cranberries, na watu wa Limerick wakauimba huku wengine machozi yanawatoka. Mle ndani kulikuwa na wazee wa mashambani, watoto wa shule, akina mama. Nani kati yao angefaulu mtihani wa nyimbo tano? Na nani angethubutu kuwaambia kwamba wimbo ule si wao?

Mtoto mweusi wa Crumlin

Wajuaji wakitaka kumnyoosha mgeni, silaha yao ya pili ni Thin Lizzy. "Wewe unajua Jailbreak? Unajua Live and Dangerous?" Swali zuri. Ila hiyo bendi ni mfano mbaya mno kwa mtu anayetaka kufunga milango.

Kiongozi wake, Phil Lynott, alizaliwa Uingereza mwaka 1949. Mama yake alikuwa Muairishi, baba yake mtu mweusi kutoka Guyana, enzi hizo ikiwa koloni la Mwingereza. Akalelewa na bibi yake Crumlin, mtaa wa watu wa kawaida pale Dublin. Piga picha Dublin ya miaka ya 1950, mtoto mweusi darasani. Kila siku ya maisha yake ilikuwa na mtu wa kumuuliza katoka wapi hasa. Huyo aliyeulizwa kila siku ndiye aliyekuja kuwa uso wa kwanza mkubwa wa rock ya Ireland duniani, anapiga besi, anaandika mashairi, anaongea kwa lafudhi ya Dublin tupu. Bibi aliyemlea akamtungia wimbo, Sarah, kwenye albamu ya mwaka 1972. Mwaka 1979 akatunga mwingine wenye jina hilo hilo, safari hii kwa binti yake.

Na Thin Lizzy wenyewe walitoboa kupitia mlango gani? Whiskey in the Jar. Wimbo wa kienyeji wa miaka mingi, ambao walikuwa wanauchezea kama utani tu mazoezini. Watu wa lebo wakausikia, wakang'ang'ania utoke. Ukapanda mpaka namba 6 Uingereza mwaka 1973. Bendi yenyewe haikufurahia sana kujulikana kwa wimbo ambao haukuwa wao, wala haukufanana na walichotaka kufanya. Ila mashabiki walioingia kwa huo mlango "wa makosa" ndio walioifanya bendi iendelee kuishi mpaka Jailbreak ikatoka mwaka 1976.

Miaka 25 baada ya kibao kile, Metallica wakaurudia kwa mtindo wa Thin Lizzy, wakabeba mpaka tuzo ya Grammy. Vijana wa metali ambao hawakuwahi kumsikia Phil wakaanza kufukua. Kuna watu leo wana albamu zote za Thin Lizzy kabatini, na ukiwabana watakiri kwamba walianzia kwa Metallica. Mlango wa makosa mara mbili, na bado wamefika nyumbani.

Utamu wa ushabiki uko kwenye ubishi wa kweli, kama ule wa Live and Dangerous ya mwaka 1978. Wengi wanaiita albamu bora ya shoo ya moja kwa moja kuwahi kutokea. Lakini prodyuza wake, Tony Visconti, alisema sehemu kubwa ilirudiwa studio. Watu wa bendi wakakataa, wakasema kilichorekebishwa ni kidogo tu. Mashabiki wamebishana kuhusu hilo mpaka leo na hawajachoka. Huo ndio ubishi wenye afya, kwa sababu ili ubishane vizuri lazima uisikilize tena albamu. Ubishi wa nani shabiki halisi hauhitaji hata spika.

Phil alifariki Januari 1986 akiwa na miaka 36. Tangu 2005 sanamu yake imesimama katikati ya Dublin, mtaa wa Harry, hatua chache kutoka Grafton Street. Wageni wanapiga nayo picha kila siku, wengi wao wakijua wimbo mmoja tu. Sanamu haijawahi kumuuliza mtu swali.

Wakongwe nao wana hoja yao

Tuwe wakweli lakini. Ukiwasikiliza wakongwe kwa utulivu, hawaongei upuuzi mtupu. Wana uchungu wao, na uchungu wao una jina. Rory Gallagher.

Rory alizaliwa Ballyshannon, Donegal, mwaka 1948, akakulia Cork. Mpiga gitaa wa kutisha, shati la drafti, hana makeke, hana skendo, hana habari na kutoa nyimbo fupi za kuwania chati. Januari 1974 alizunguka Ireland na kurekodi albamu ya Irish Tour '74 katika Belfast, Dublin na Cork. Zingatia hilo neno Belfast. Kipindi kile ni mabomu na risasi, wasanii wengi wakubwa walikuwa wanaukwepa ule mji kabisa. Rory alikwenda. Vijana wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti walisimama ndani ya Ulster Hall usiku mmoja, wakiangalia jukwaa moja.

Sasa mtu aliyekuwepo enzi zile, au aliyelelewa na mzazi aliyekuwepo, akimsikia mgeni anasema rock ya Ireland ni U2 na Zombie, kinamuuma. Anaona kama kaka yake mkubwa kafutwa kwenye picha ya familia. Rory alifariki mwaka 1995 na hakuwahi kuwa na jina la ukubwa wa kipaji chake. Walioibeba kumbukumbu yake ni mashabiki, kaseti kwa kaseti. Anachosema mkongwe ni, "Sisi tulibeba huu mzigo wakati hakuna mwingine aliyeutaka, leo unaingia mikono mitupu na unataka kiti cha mbele?"

Hoja ina uzito. Heshima yao wapewe, tena kamili.

Ila tazama kilichotokea kwa gitaa lake. Ile Stratocaster ya mwaka 1961 iliyochubuka rangi, aliyoinunua Cork akiwa bado kijana mdogo, iliwekwa mnadani London mwaka 2024. Mashabiki wakapata presha. Waliogopa itaangukia kwa tajiri fulani aifungie chumbani kwake, iwe ya kuonyeshwa wageni wa chakula cha usiku. Ikauzwa kwa zaidi ya pauni 880,000. Mnunuzi, kampuni ya kuandaa matamasha, akatangaza kwamba inakwenda Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Mashabiki wakashusha pumzi.

Kwa nini walishusha pumzi? Kwa sababu gitaa litakaa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusimama mbele yake, akiwemo dogo asiyejua wimbo hata mmoja wa Rory na aliyeingia kukwepa mvua. Mkongwe anaelewa kabisa kwamba gitaa likifungiwa ni hasara. Basi akubali na hili lingine, kwamba kuzifungia albamu kwa kicheko na mitihani ni kumfanyia Rory kitu kile kile alichoogopa tajiri amfanyie.

Kufungua mlango si kumvamia mtu

Kuna upande wa pili wa kosa hili, na wa kuutolea mfano ni U2 wenyewe.

Hawa jamaa walianzia shuleni. Mwaka 1976, Larry Mullen akiwa mwanafunzi Dublin, akabandika tangazo kwenye ubao wa shule kutafuta wenzake wa kuunda bendi. Miaka 11 baadaye, Machi 1987, wakaachia The Joshua Tree, ikauza mamilioni kwa mamilioni na kuchukua Grammy ya albamu ya mwaka. Mwaka 1991 wakaachia Achtung Baby, baada ya kujifungia Berlin wakagombana karibu kuvunjika. Mpaka leo kambi mbili hazielewani. Wa Joshua Tree wanasema pale ndipo roho ya U2 ilipo. Wa Achtung Baby wanasema ile ya kwanza ni ya kanisani, hii ndiyo ya watu wazima waliokosea na kujutia. Ubishi mtamu, uendelee.

Halafu ikaja Septemba 2014. Songs of Innocence ikaingizwa bure kwenye akaunti za iTunes za watu kama milioni 500. Hakuna aliyeomba. Mtu anaamka asubuhi, anafungua simu, anakuta albamu ambayo hakuitafuta imekaa katikati ya vitu vyake. Hasira ikawa kubwa mpaka Apple wakatengeneza njia maalumu ya kuifuta, na Bono akaomba radhi hadharani.

Fikiria ajabu hiyo. Albamu ya bure, ya bendi kubwa, na watu wanapanga foleni kuifuta. Ndani yake kulikuwa na nyimbo za maana kuhusu utoto wao Dublin, kuhusu mama wa Bono aliyefariki yeye akiwa na miaka 14. Wengi hawakuzisikia kabisa. Walishaudhika kabla hawajabonyeza.

Kosa la mkongwe ni kumzuia mtu mlangoni. Kosa la 2014 lilikuwa kuingia chumbani kwa mtu bila hodi. Ukiyatazama yote mawili, kinachokosekana ni kimoja, mtu wa kukwambia, "Sikiliza hii, nimeikumbuka kwa sababu yako."

Albamu hupewa, na anayekupa ana sura

Mwaka 1978 kuna vijana wa Derry, The Undertones, walirekodi Teenage Kicks Belfast kwa pesa ya mwenye duka la santuri. Yule bwana wa duka akaibeba mpaka London, makampuni yakamtolea nje. Santuri ikamfikia John Peel, mtangazaji wa BBC. Peel akaipiga hewani, ikaisha, akairudia pale pale. Mara mbili mfululizo. Aliupenda ule wimbo mpaka maneno yake yakaandikwa kwenye jiwe la kaburi lake. Bila mwenye duka mmoja mbishi na mtangazaji mmoja mwenye masikio, Derry ingebaki inajulikana kwa habari za vita tu.

Angalia pia Loveless ya My Bloody Valentine, bendi iliyoundwa Dublin. Ilitoka 1991, ikatumia muda na studio nyingi mpaka lebo ikawachoka na kuachana nao. Kwenye chati za Uingereza ilisimama namba 24. Bendi haikutoa albamu nyingine mpaka 2013. Ni miaka 22! Katika miaka hiyo yote hakuna tangazo lililoisukuma. Ni mtu kumpa rafiki yake, rafiki kumpa mdogo wake, mpaka ikawa albamu ambayo wapiga gitaa wa kizazi kizima wanaitaja kama shule yao.

Kwa hiyo shabiki mkongwe akikutana na dogo wa Zombie, afanye kilichomlea yeye. Amwambie, "Umependa hasira ya ile sauti? Chukua The Lion and the Cobra ya Sinéad O'Connor, ya 1987, usikilize hasira inavyotoka kwa mtu wa miaka 20." Kama kilichomvuta ni gitaa, ampe Irish Tour '74. Kama anapenda hadithi, ampe Jailbreak. Kama ana masikio ya mvumilivu, Astral Weeks ya Van Morrison wa Belfast, ya 1968, ambayo ilipotoka haikuuza kitu. Na ampe moja tu, asimrushie ishirini. Mtu akipewa ishirini atasikiliza sifuri.

Na dogo naye ana wajibu. Asiishie wimbo mmoja kwenye orodha ya simu. Akae na albamu nzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, walau mara tatu kabla hajatoa hukumu. Tena na yeye ana cha kumpa mkongwe. Amtajie Fontaines D.C., vijana wa Dublin wa kizazi hiki, walioanza na Dogrel mwaka 2019 wakiimba kwa lafudhi yao bila kuilainisha. Albamu yao ya 2022, Skinty Fia, inafunguliwa na wimbo uliotokana na mkasa wa familia moja ya Kiairishi kule Coventry, Uingereza. Walitaka kuweka maneno ya Kiairishi kwenye kaburi la mama yao, mamlaka ya kanisa ikakataa bila kuwepo tafsiri, eti watu wanaweza kuyaelewa vibaya, mpaka rufaa ikawapa haki yao. Mkongwe anayedhani rock ya Ireland ilikufa na Rory ataisikia ile albamu na kukaa kimya kidogo.

Usisubiri jeneza

Mambo haya yanaonekana madogo. Mtu kachekwa, kwani nini? Tatizo ni kwamba mazoea ya kuwatenga mashabiki yanazaa mazoea ya kuwatenga hata wasanii wenyewe.

Sinéad O'Connor mwaka 1990 aliitikisa dunia na albamu ya I Do Not Want What I Haven't Got. Oktoba 1992 akachana picha ya Papa kwenye televisheni ya Marekani, akipinga watoto kudhalilishwa ndani ya Kanisa. Wiki mbili baadaye alizomewa stejini New York. Watu waliojiita wapenzi wa muziki walimgeuka, na miaka ikapita kabla ripoti rasmi za nchi yake hazijaonyesha kwamba alichokilalamikia kilikuwepo kweli. Kuwa shabiki wa Sinéad miaka hiyo ilikuwa kama kujitangaza kichaa.

Machi 2023, albamu yake ile ya 1990 ilipewa tuzo Dublin kama albamu ya kudumu ya Ireland. Watu walisimama kumpigia makofi. Akapokea, na tuzo yake akaitoa kwa wakimbizi wote waliopo Ireland, akawaambia wamekaribishwa. Haikuwa mada rahisi, maana kipindi hicho kulikuwa na maandamano ya watu wasiowataka wageni. Nafasi adimu ya kusifiwa kwao yeye aliitumia kufungua mlango.

Julai mwaka huo huo akafariki. Agosti mji wa Bray ukajaa, watu wamejipanga kando ya barabara ya ufukweni, maua, mabango, machozi. Kati yao wapo waliokuwa naye tangu siku ya kwanza, na wapo waliomzomea, na wapo vijana waliozaliwa baada ya ile picha kuchanwa na kumjua kwa video moja tu ya mtandaoni. Siku ile hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumuuliza mwenzake nyimbo tano.

Sasa kwa nini moyo huo usubiri jeneza? Dolores kaondoka, Phil kaondoka, Rory kaondoka, Sinéad kaondoka. Waliobaki ni mashabiki na zile albamu. Mkongwe wa miaka 65 aliyesimama Ulster Hall naye ana siku zake, na siku akiondoka, santuri zake zitakuwa mikononi mwa nani? Za huyo huyo dogo wa Zombie, kama alikaribishwa. Kama alichekwa, zitaishia kwenye boksi nje ya nyumba, zinasubiri gari la taka.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Albamu gani ya rock ya Ireland iko moyoni, na nani aliyekupa? Anayetaka kuuliza wenzake nyimbo tano apite kwanza hapo chini ataje za kwake.